Albamu Moja, Kampuni Moja, Malipo Mawili: Kisa cha Wilco na Yankee Hotel Foxtrot

Mwezi Juni 2001, bendi ya Wilco ya Chicago iliikabidhi lebo yake, Reprise Records, albamu iliyokwisha kukamilika: nyimbo 11, dakika zipatazo 52, jina lake Yankee Hotel Foxtrot. Lebo iliisikiliza na kuikataa. Novemba ya mwaka huohuo lebo nyingine, Nonesuch, ilisaini mkataba na bendi hiyo kwa ajili ya albamu ileile, na tarehe 23 Aprili 2002 ikaiingiza sokoni bila kudai ifanyiwe marekebisho. Reprise na Nonesuch zote mbili zilikuwa chini ya tajiri mmoja, kampuni ya AOL Time Warner. Kwa hiyo tajiri huyo aligharamia kurekodiwa kwa albamu hiyo, akaiachia iondoke, kisha akailipia tena ili irudi kupitia mlango mwingine wa nyumba yake mwenyewe.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama hadithi ya wanyonge walioliangusha jitu. Simulizi hiyo ina ukweli wake, lakini nikiitazama kazi yenyewe kwa makini naona inaruka mambo mawili yenye uzito kuliko ugomvi wa ofisini. La kwanza ni kwamba bendi iliweza kusimama kidete mbele ya lebo kwa sababu ilikuwa imejitafutia mapema mahali pake pa kurekodia na mapato yake ya jukwaani, na baada ya mvutano ikapata na masta zake, yaani rekodi mama ambazo nakala zote hutoka kwake. La pili ni kwamba vita vikali zaidi juu ya namna albamu itakavyosikika havikupiganwa kati ya bendi na lebo. Vilipiganwa ndani ya bendi, na mshindi alikuwa ameshajulikana kabla lebo haijasema hapana.

Walikotoka

Jeff Tweedy, mwimbaji na mtunzi mkuu wa Wilco, alizaliwa Belleville, mji wa jimbo la Illinois ulio jirani na St. Louis. Bendi yake ya awali, Uncle Tupelo, ilivunjika mwaka 1994, na yeye pamoja na wenzake waliobaki wakaanzisha Wilco mwaka huohuo na kusaini na Reprise. Lebo hiyo iliasisiwa na Frank Sinatra mwaka 1960 kwa nia ya kumpa msanii uhuru wa kufanya kazi yake atakavyo, na mwanzoni Wilco waliuonja uhuru huo. Mwaka 1996 walipotaka albamu yao ya pili iwe na diski mbili, Reprise ilikubali iuzwe kwa bei ya kawaida, na bendi ikakubali kukatwa sehemu ya mirabaha yake ili msikilizaji asibebeshwe mzigo. Huo ndio uhusiano uliokuwepo: kila upande ulikuwa tayari kupoteza kidogo kwa ajili ya kazi.

Upepo ulianza kugeuka katika albamu ya tatu, Summerteeth, iliyotoka mwaka 1999. Lebo ilitaka wimbo ambao redio zitaupiga. Wimbo wa kufungulia ukapelekwa kwa David Kahne, prodyuza mwenye jina, aliyekuwa mmoja wa watendaji wa kampuni, naye akauchanganya upya ili ulingane na masikio ya watangazaji. Bendi iliridhia. Redio hazikuujali, na albamu haikuvuka nafasi ya 78 katika Billboard 200, chati ya mauzo ya albamu Marekani. Nalitaja jambo hili kwa sababu wengi wanaosimulia kisa cha mwaka 2001 huanzia kwenye kukataliwa, kana kwamba Tweedy alikuwa mkaidi tangu kuzaliwa. Ukweli ni kwamba miaka miwili kabla alikuwa amekubali kuinama na hakupata kitu. Alipoombwa kuinama mara ya pili, kwa niaba ya kampuni ileile na Kahne yuleyule akiwa sasa na cheo kikubwa zaidi, alikuwa na sababu ya kukataa.

Chumba cha Irving Park

Mwaka 2000 bendi ilikodi orofa ya jengo la ghala katika mtaa wa Irving Park, kaskazini mwa Chicago, ikaigeuza kuwa studio na kuiita The Loft. Vifaa vilinunuliwa kidogo kidogo, na aliyevihangaikia zaidi ni Jay Bennett, mpiga gitaa na kinanda aliyejiunga na bendi muda mfupi baada ya kuanzishwa kwake. Bennett aliwahi kujipatia riziki kwa kutengeneza deki za video, na mikono hiyo ya fundi ilionekana studio: aliunganisha mashine, alirekodi wenzake, na alipokosa sauti aliyoitaka alitafuta namna ya kuitengeneza.

Umuhimu wa chumba hiki hauonekani mpaka mtu aelewe jinsi mkataba wa kawaida wa kurekodi unavyofanya kazi Marekani. Lebo hutoa fedha za kurekodia kama malipo ya awali, lakini fedha hizo hurudishwa kutoka katika mirabaha ya msanii kabla yeye hajaona hata senti. Saa za studio ya kukodi zinahesabiwa kwake. Anayerekodi huku saa ya ukutani inakula fedha zake mwenyewe hawezi kuujaribu wimbo mmoja kwa namna tano. Atachukua namna ya kwanza inayofaa na kuendelea na mwingine. Wilco walipokuwa na chumba chao, gharama ya kukosea ilishuka sana. Waliweza kurekodi wimbo ukiwa wa polepole, wakaurekodi tena ukiwa wa kasi, wakaubomoa, wakaurudia kwa kinanda peke yake, na kuuacha ukae wiki kadhaa kabla ya kuamua.

Matokeo ya uhuru huo yanasikika katika mkusanyiko mkubwa uliotolewa Septemba 2022 kuadhimisha miaka 20 ya albamu, ambamo mna rasimu nyingi za nyimbo zilezile zikiwa zimevaa mavazi tofauti kabisa. Anayezisikiliza moja baada ya nyingine anatambua kwamba hawa hawakuwa watu waliopata ufunuo wa usiku mmoja. Walikuwa wakitafuta, na mara nyingi walipita karibu na jibu bila kuliona.

Bennett alijaza, O'Rourke akapunguza

Mei 2000, kabla kazi ya albamu haijashika kasi, Tweedy alialikwa kupiga katika tamasha moja Chicago na akapewa nafasi ya kumchagua mshirika. Alimchagua Jim O'Rourke, mwanamuziki na prodyuza wa Chicago aliyejulikana kwa muziki wa majaribio na ambaye katika miaka hiyo alijiunga pia na bendi ya roki ya Sonic Youth. O'Rourke naye akaja na mpiga dramu Glenn Kotche. Watatu hao walielewana mara moja, wakaanza kurekodi pamoja chini ya jina la Loose Fur. Tweedy alirudi kwa Wilco akiwa na sikio jipya, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuwa magumu.

Wa kwanza kuumia alikuwa Ken Coomer, mpiga dramu wa Wilco tangu siku ya kwanza. Coomer alikuwa mpigaji imara wa roki, mwenye mdundo ulionyooka. Kotche alikuwa amesomea midundo chuoni, na aliiona dramu kama chombo kimoja tu miongoni mwa vingi vya kugonga, vikiwemo alivyojitengenezea. Januari 2001 Coomer aliondolewa na Kotche akachukua kiti chake. Kwa upande wa muziki, sina shaka kwamba uamuzi huo uliibadilisha albamu. Sikiliza wimbo wa kwanza, unaokaribia dakika saba. Unaanza kwa kelele za vyombo visivyotambulika upesi, kengele, kinanda kinachovuma, kisha dramu zinaingia vipande vipande, zikigonga hapa na kunyamaza pale, na mdundo hauji kukamilika mpaka gitaa na sauti ya Tweedy vimekwisha kutulia. Mpigaji wa kawaida angeushika wimbo huo tangu mwanzo na kuuendesha. Kotche aliuacha uyumbe, na kuyumba huko ndiko kunakobeba maneno ya mtu anayejaribu kusema jambo la mapenzi na kushindwa.

Mgogoro wa pili ulihusu kuchanganya sauti, yaani ile hatua ambapo vyombo vyote vilivyorekodiwa, kila kimoja katika njia yake, hupangwa upya na kuamuliwa kipi kisikike, kwa kiasi gani, na lini. Bennett alitaka kuifanya kazi hiyo mwenyewe, na madai yake yalikuwa na msingi: alikuwa ameshiriki kutunga sehemu kubwa ya nyimbo, alikuwa ameongoza kurekodi, na alijua kila safu ya sauti ilipowekwa. Lakini alikuwa mtu wa kuongeza. Kila wimbo ulikuwa na nafasi ya kinanda kingine, gitaa jingine, kelele nyingine iliyogunduliwa usiku wa manane. Tweedy aliona nyimbo zinazama. Akampa O'Rourke wimbo wa kwanza aujaribu, na O'Rourke akafanya kinyume: alizima karibu kila kitu, akaacha mifupa, kisha akarudisha safu moja moja pale tu ambapo wimbo uliihitaji. Tweedy aliposikia matokeo hakurudi nyuma. Albamu nzima ikakabidhiwa kwa O'Rourke.

Mpiga picha Sam Jones alikuwa akiwarekodi kwa kamera wakati huo kwa ajili ya filamu yake ya maisha ya bendi, ya picha za nyeusi na nyeupe, iliyotoka mwaka 2002. Katika filamu hiyo kuna tukio moja ambalo kwangu lina thamani kuliko mahojiano yote. Tweedy na Bennett wako katika chumba cha mitambo wakibishana kuhusu sekunde chache: jinsi wimbo wa sita utakavyoishia na wa saba kuanza. Tweedy ameshaelewa anachoambiwa na anataka waendelee. Bennett hataki kuendelea mpaka mwenzake akiri kwamba ameelewa hoja yake sawasawa, na anaieleza tena, na tena. Hakuna anayepaza sauti sana. Baadaye Tweedy, ambaye kwa miaka mingi alisumbuliwa na kipandauso, anaonekana chooni akitapika. Anayefanya kazi ya kikundi atayatambua mabishano hayo: sekunde zile chache zilikuwa kisingizio, na swali lililokuwa mezani ni nani mwenye neno la mwisho.

Agosti 2001, albamu ikiwa imekwisha, Bennett naye aliondolewa. Waliobaki walikuwa Tweedy, mpiga besi John Stirratt, Kotche na Leroy Bach wa gitaa na kinanda. Bendi iliyoanza kurekodi haikuwa tena ile iliyokuwa inatafuta lebo.

Ofisini

Wakati haya yakitendeka Chicago, mmiliki wa Reprise alikuwa anabadilika. Januari 2001 muungano wa AOL, kampuni ya intaneti, na Time Warner ulikamilika, na kampuni mpya, iliyokuwa na deni kubwa la matumaini kwa wanahisa wake, ikaanza kupunguza wafanyakazi katika tawi la muziki, ambalo sehemu yake ya soko ilikuwa ikishuka. Miongoni mwa walioondoka ni Howie Klein, rais wa Reprise na mtetezi mkubwa wa Wilco ndani ya jengo. Mtetezi wa bendi anapoondoka, mkataba unabaki lakini nia iliyouzaa mkataba huo inaondoka naye. Waliokuja kuisikiliza albamu hawakuwa wameahidi chochote kwa wanamuziki wale, na hawakuona ndani yake wimbo hata mmoja wa kupeleka redioni. Kahne, aliyekuwa sasa akiongoza idara ya kusimamia wasanii, alitaka mabadiliko. Tweedy akakataa.

Ni rahisi kumfanya Kahne kuwa mtu mbaya wa hadithi, nami sikubaliani na hilo. Alikuwa na masikio: ndiye aliyetayarisha albamu ya jukwaani ya mwimbaji mkongwe Tony Bennett iliyoshinda tuzo ya Grammy ya albamu ya mwaka 1995, na mwaka huohuo wa 2001 alikuwa prodyuza wa albamu ya Paul McCartney. Kwa kipimo alichopewa, hukumu yake ilikuwa sahihi, kwa kuwa hakuna wimbo wa Yankee Hotel Foxtrot uliokuja kutamba katika redio za nyimbo maarufu. Kosa lilikuwa katika kipimo. Wilco walikuwa wamejenga wasikilizaji wao kwa ziara za miaka saba, mji kwa mji, na wasikilizaji wa namna hiyo hununua albamu nzima bila kungoja redio iwashawishi. Idara iliyopima kila albamu kwa wimbo mmoja haikuwa na namna ya kuwahesabu watu hao.

Mkataba wa kipekee ni mtego kwa msanii aliyekataliwa. Lebo inaweza kuikalia albamu bila kuitoa, na kwa kuwa masta ni mali yake, msanii hawezi kuichukua kazi aliyoimba kwa sauti yake na kuipeleka kwingine. Albamu ngapi zimezikwa katika makabati ya lebo kwa njia hii hakuna anayezihesabu, na wengi wa wanamuziki waliozifanya hawakurudi tena studio. Wilco waliponea hapo. Menejimenti yao iliomba bendi iachiwe pamoja na albamu yake, na kampuni, iliyokuwa ikitaka kupunguza majina katika orodha yake, haikuwa na hamu ya kuwashikilia. Kiasi kilichotajwa katika mazungumzo ya kuzikomboa masta kilikuwa dola 50,000, fedha ndogo sana kwa albamu iliyokamilika. Habari za bendi yenye heshima kutimuliwa zilikuwa zimefika magazetini, na kila siku iliyopita ziliifanya lebo ionekane vibaya zaidi. Bendi ikatoka na rekodi zake mkononi.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha kisa. Kukataliwa peke yake kusingeiua albamu wala kuiokoa. Kama Reprise ingeikataa na kubaki na masta, leo tungekuwa na minong'ono tu ya mashabiki kuhusu albamu nzuri isiyowahi kusikika. Kilichoigeuza hali ni karatasi moja iliyohamisha umiliki, na karatasi hiyo ilipatikana kwa sababu lebo iliamini kwamba inatoa kitu kisicho na thamani.

Albamu bila lebo

Albamu ilikuwa imepangiwa kutoka tarehe 11 Septemba 2001. Siku hiyo ikawa ya mashambulizi ya New York na Washington, na bendi haikuwa na lebo wala diski ya kuuza. Nakala za wizi zilikuwa zimeanza kuzagaa kwenye intaneti, nyingine zikiwa na sauti mbovu. Tarehe 18 Septemba Wilco waliiweka albamu yote kwenye tovuti yao isikilizwe bure. Napster, huduma ya watu kubadilishana nyimbo bure kwenye intaneti, ilikuwa imefungwa miezi miwili tu kabla, na tasnia nzima ya muziki iliiona intaneti kama mwizi anayevunja dirisha. Bendi iliyofungua dirisha hilo kwa mkono wake ilikuwa inakwenda kinyume na ushauri wa karibu kila wakili.

Mashairi yaliyoandikwa kabla ya mashambulizi sasa yalisikika kwa namna ambayo hakuna aliyeikusudia. Wimbo wa tano, ambao fidla ya Jessy Greene inaupamba kwa upole, unataja majengo marefu yanayotikisika. Jalada lilionyesha minara miwili ya Marina City ya Chicago ikipigwa picha kutoka chini. Wasikilizaji wa Marekani waliokuwa katika huzuni waliyapokea hayo kama maneno yaliyoandikwa kwa ajili yao. Bendi ilipoanza ziara msimu ule, ukumbi mzima uliimba maneno ya albamu ambayo hakuna duka lililokuwa likiiuza.

Wapo wanaotumia sehemu hii ya kisa kama ushahidi kwamba kutoa kazi bure ndiyo njia ya kuiuza. Naomba tuwe waangalifu. Mwaka 2001 nyumba nyingi za Marekani zilikuwa bado zinatumia intaneti ya laini ya simu, na muziki uliopita humo ulifika ukiwa mwembamba na wenye kukatikakatika. Aliyeupenda alihitaji bado kununua diski ili ausikie sawasawa. Zaidi ya hapo, Wilco walikuwa tayari na jina, na simulizi ya kukataliwa kwao iliwapa kurasa za magazeti ambazo fedha za matangazo zisingezinunua. Bendi changa isiyo na wasikilizaji ingeweka albamu yake bure na kubaki nayo bure.

Lebo kadhaa zilikuja kuzungumza. Iliyochaguliwa ni Nonesuch, iliyoanzishwa na Jac Holzman mwaka 1964 kwa ajili ya muziki wa klasiki wa bei nafuu, na ambayo chini ya Robert Hurwitz ilikuwa makao ya watunzi Steve Reich na John Adams na kundi la ala za nyuzi la Kronos Quartet. Ndiyo iliyowauzia Wamarekani Buena Vista Social Club mwaka 1997, albamu ya wazee wa Kuba ambayo nayo haikuwa na wimbo wa redio na iliuzwa kwa mamilioni. Lebo yenye uzoefu huo haikuuliza wimbo upi utapigwa asubuhi na watangazaji. Iliuliza kama albamu itadumu. Wiki ya kwanza ziliuzwa nakala zaidi ya 55,000 na albamu ikaingia nafasi ya 13 katika Billboard 200, na baadaye mauzo ya Marekani yakavuka nusu milioni. Tajiri yuleyule, sikio tofauti: ofisi moja ilipima kwa mwezi mmoja, nyingine kwa miaka.

Madeni yaliyobaki

Jina la albamu lilitokana na rekodi ya redio ya masafa mafupi. Kuna vituo visivyojitambulisha ambavyo kwa miongo mingi vimekuwa vikitangaza tarakimu na herufi kwa sauti kavu, na inaaminika kwamba ni ujumbe kwa majasusi. Lebo ndogo ya London, Irdial, ilikusanya rekodi za vituo hivyo katika diski nne mwaka 1997. Mwishoni mwa wimbo wa kumi, kelele inapopanda na kumeza vyombo vyote, sauti ya mwanamke kutoka katika mkusanyiko huo inarudia maneno matatu yaliyokuja kuwa jina la albamu. Ni mojawapo ya dakika nzito kuliko zote katika muziki wa roki wa miaka ile. Lakini bendi ilikuwa haijaomba ruhusa, Irdial ikafungua kesi, na mwaka 2004 shauri likamalizwa nje ya mahakama. Naiona sehemu hii kuwa doa la kweli. Bendi iliyokuwa imehangaika kumiliki rekodi zake yenyewe ilipaswa kuwa ya kwanza kuheshimu rekodi za lebo ndogo isiyo na wanasheria wa kampuni kubwa nyuma yake.

Albamu iliyofuata, ya mwaka 2004, ilipata Grammy ya albamu bora ya muziki mbadala. Mwaka 2011 bendi ilianzisha lebo yake, dBpm, na tangu hapo hakuna mtu wa nje anayeamua kipi kitoke. Ukitazama hatua hizo kwa mfuatano, chumba mwaka 2000, masta mwaka 2001, lebo mwaka 2011, unaona bendi iliyofanya kazi kwa moyo wa kujitegemea muda mrefu kabla haijajitegemea kwa karatasi.

Jay Bennett hakuwepo kufaidi hayo. Aliendelea kurekodi kwa jina lake na katika studio ndogo, mbali na vyombo vya habari. Mwanzoni mwa Mei 2009 alimfungulia Tweedy kesi akidai malipo yaliyotokana na miaka yake Wilco pamoja na filamu ile. Mwezi huohuo akafariki akiwa na umri wa miaka 45. Mkusanyiko wa mwaka 2022, uliopata Grammy ya albamu ya kihistoria mwaka uliofuata, umemrudisha kwa namna fulani, kwa sababu rasimu zake nyingi ni za wakati ambapo mikono yake ilikuwa bado kwenye mitambo. Ndani yake nyimbo zimejaa, zimechangamka, pengine zimejaa kupita kiasi. Nikizilinganisha na toleo la mwisho, bado naona O'Rourke alikuwa sahihi kuzipunguza, na Tweedy alikuwa sahihi kumwamini. Lakini kila kilichobaki baada ya kupunguzwa, na kila kilichofutwa ili kingine kisikike, kilikuwa kimewekwa kwanza na mtu, na mara nyingi mtu huyo alikuwa Bennett. Wanaoiandika historia ya albamu hii kama ushindi wa Tweedy dhidi ya lebo wanamwachia nafasi ya mtu mgomvi aliyeonekana katika filamu. Anastahili kuandikwa kama mtunzi mwenza na fundi mkuu wa kazi hiyo.